Cheche Chini ya Jaketi la Mzee Simeon

KITUO CHA POLISI, KAUNTI NDOGO YA RUIRU
MAELEZO YA SHAHIDI (YA PILI)

Jina: Samir Uthman
Umri: Miaka 43
Kazi: Fundi wa pikipiki
Makazi: Gitothua, Ruiru
Tarehe: Jumamosi, 15 Februari 2025
Saa ya kuanza: Saa nne na dakika kumi asubuhi
Mwandishi: Koplo Idah Waceke

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kituoni kwa miguu yangu mwenyewe, sikuitwa wala sikukamatwa. Siku ya Alhamisi tarehe 13 Februari, saa tisa alasiri, niliandikisha maelezo hapa hapa kuhusu moto uliomchoma Mzee Simeon Ngigi wa Murera. Nilisema nilimwona jirani yangu, Munyao, akichomelea geti, na kwamba cheche zake ziliruka zikawasha pikipiki ya Mzee. Huo ulikuwa uongo. Munyao yuko seli tangu siku hiyo kwa sababu ya maneno yangu, na nimeambiwa Jumatatu anapelekwa kortini. Naomba yale ya kwanza yawekwe kando na haya ndiyo yafuatwe.

Nina kibanda cha kutengeneza pikipiki Gitothua, huu ni mwaka wa kumi na tatu. Munyao anatengeneza mageti na madirisha ya chuma upande wa pili wa mabati yanayotenganisha vibanda vyetu. Stima yetu ni ya mita moja, ya tokeni, na mita imefungwa upande wangu. Tokeni tunanunua kwa zamu, wiki yake, wiki yangu. Wiki hii ilikuwa yangu. Nimeambiwa nieleze tukio tu, lakini jambo hili la mita ni la muhimu, litaonekana mbele.

Mnamo tarehe 13 Februari, saa tatu na nusu asubuhi, Mzee Simeon alifika kwangu kutoka Murera. Ni mkulima, ana miaka sabini na moja. Pikipiki yake ni ya silinda mbili, ya zamani sana. Aliinunua wakati alipokuwa akifanya kazi kwenye shamba la kahawa, na ameitunza vizuri kuliko watu wengine wanavyotunza nyumba. Nilimsikia kabla sijamwona, kwa sababu injini ilikuwa ikichechemea.

Akaniambia, "Fundi, inamisi. Imenileta na mguu mmoja tangu Murera. Nimeipeleka Thika kwa Karanja, akakaa nayo siku nzima, akasema ni pete za pistoni. Ati tufungue injini."

Karanja ndiye aliyenifundisha kazi hii. Nilikaa kwake Thika miaka minne, na hakuwahi kunisifu hata siku moja. Kwa hivyo nitasema ukweli, nilifurahi. Nilimwambia Mzee, "Kama ni ya kufunguliwa nitaifungua nikiwa nimefumba macho. Lakini kaa hapo kwanza, tuisikilize."

Niliiwasha nikaiacha ingurume kama dakika mbili. Nikachovya vidole kwenye maji, nikarusha matone kwenye mabomba mawili ya ekzosi, pale yanapotokea kwenye injini. Bomba la kulia maji yalilia yakakauka hapo hapo. La kushoto yalikaa tu. Niliweka kiganja, lilikuwa vuguvugu, unaweza kulishika ukapiga hadithi. Nikajua silinda ya kushoto ndiyo imelala.

Nikafungua plagi zote mbili. Ya kulia ilikuwa kavu na rangi yake nzuri. Ya kushoto ilikuwa nyeusi, imelowa petroli. Nikazibadilisha, ya kushoto nikaipeleka kulia na ya kulia kushoto. Nikawasha. Silinda ya kushoto ikabaki imelala vile vile, kwa hivyo plagi haikuwa na makosa. Nikabadilisha waya. Kwenye pikipiki hii waya zote mbili zinatoka kwenye koili moja na plagi zinapiga pamoja, kwa hivyo unaweza kuzipishanisha bila shida. Nikawasha tena. Sasa kushoto ikaamka, kulia ikalala.

Hapo nilimaliza. Kama zingekuwa pete za pistoni, silinda ya kushoto ingebaki mgonjwa hata uipe waya ya dhahabu. Ugonjwa ulihama pamoja na waya. Nikaikagua ile kofia ya plagi iliyo mwishoni mwa waya, nikaona ufa mwembamba kama unywele. Cheche ilikuwa ikitorokea hapo, mara inafika mara haifiki. Ilikuwa saa tano kamili. Kofia mpya ninazo kwenye droo, na kuiweka ni kazi ya dakika tano.

Afisa ameniuliza kwa nini sikuiweka. Ningeiweka, Mzee angekuwa nyumbani kwake Murera saa hii na ng'ombe wake, na Munyao angekuwa kazini. Sikuiweka kwa sababu Mzee hakuniamini. Aliishika ile kofia akaigeuzageuza, akasema, "Haiya! Ni hii tu? Karanja ni fundi mkubwa, angekosaje kuona?"

Maneno hayo yaliniuma. Nikamwambia, "Mzee, ngoja nikuonyeshe kwa macho yako, ndiyo ukirudi Thika umwambie vile umeona." Sababu ni hiyo tu. Nilitaka Karanja asikie. Pikipiki haikuhitaji kupimwa tena.

Saa tano na dakika ishirini mita ililia na stima ikakatika. Redio yangu ikanyamaza, na mashine ya Munyao ikanyamaza. Munyao akaniita juu ya mabati, "Fundi! Tokeni imeisha. Si hii wiki ni yako?"

Nikamjibu, "Ngoja nimalizane na Mzee."

Akasema, "Basi mimi nakunywa chai."

Kutoka saa hiyo mpaka moto ulipowaka hapakuwa na stima kwa kibanda changu wala chake. Munyao hakuwa akichomelea kitu. Alikuwa ameketi juu ya debe na kikombe, kile kinyago chake cha welding amekisukuma juu ya kichwa. Nilikuwa nikimwona kupitia pengo la mabati.

Nilirudisha waya kama zilivyokuwa. Nikafungua plagi ya kushoto, nikaichomeka kwenye ile kofia yenye ufa, nikailaza juu ya kichwa cha silinda ili chuma iguse chuma. Ukipiga kiki, cheche inaruka mdomoni mwa plagi ukiiona. Ikiwa ya bluu, afya ni nzuri. Ikiwa ya njano, au isipokuja, ni mgonjwa. Shida ni kwamba jua la mchana linaificha. Mafundi wetu wote wanafunika hapo kwa gunia au koti ili wapate giza. Nimefanya hivyo mara nyingi sana.

Lakini kuna mambo mawili yanafanywa kwanza. Unafunga koki ya petroli, na unaziba tundu la plagi kwa kitambaa. Silinda iliyolala inakuwa imekunywa petroli ambayo haikuchomeka, na ukipiga kiki inaitema nje kwa lile tundu, na cheche iko hapo hapo juu. Karanja alikuwa akitupiga kofi tukianza bila kuziba. Siwezi kusema nilisahau. Kitambaa kilikuwa mfuko wa nyuma wa suruali yangu. Nilikuwa na haraka ya kuwa sahihi.

Nilimwomba Mzee avue jaketi lake, lile la kuendeshea pikipiki, la nailoni lenye pamba ndani. Alikaa juu ya pikipiki, akalishika kwa mkono wa kushoto akalifunikiza juu ya injini, akainama ili aone. Plagi moja ikiwa nje, kiki inakuwa nyepesi, hata mtu wa umri wake anaipiga akiwa ameinama. Mimi nilichuchumaa upande wa kushoto na kichwa changu chini ya jaketi. Tulikuwa kama watu wawili wanaotazama simu moja kwenye jua.

Mzee alipiga kiki mara ya kwanza, hatukuona kitu. Akapiga mara ya pili, hatukuona kitu. Mara ya tatu pia. Mara ya nne moto ulitoka kwenye tundu. Ilikuwa saa tano na dakika hamsini. Hakukuwa na mlipuko, ulitoka kwa pumzi moja tu, puu, na jaketi likashika. Nailoni iliyeyuka ikagandamana na mkono wake, shingo na kifua. Mzee aliita "Ngai!" mara moja, halafu akawa anapumua kwa nguvu.

Mimi nilianguka nyuma nikakaa chini. Munyao alikuja akikimbia kutoka upande wake. Alilishika lile jaketi kwa mikono mitupu akalivua, akamtoa Mzee kwenye pikipiki, akamfunika na gunia lenye maji ambalo hupozea vyuma vyake. Halafu akarudi akamwaga mchanga kwenye injini. Mikono yake iliungua yote miwili, viganja na vidole. Muda huo wote mimi nilikuwa nimekaa pale pale. Sikushika hata konzi moja ya mchanga.

Watu walijaa. Dereva mmoja wa jirani alimbeba Mzee kwa gari lake mpaka hospitali, na baadaye akahamishwa Thika. Watu walipoangalia, walimwona Munyao amesimama na kinyago cha welding kichwani na mikono imeungua. Mama mmoja akapaza sauti, "Si nilisema hii welding siku moja itachoma watu!" Mwingine akasema, "Ni yeye." Nilisikia. Munyao hakusikia, alikuwa ameenda duka la dawa kufungwa mikono. Kama ningesema neno moja wakati huo mambo yangeishia hapo.

Sasa nakuja kwa jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mke wangu. Saa saba na dakika nne mchana nilinunua tokeni kwa simu yangu. Niliingia kibandani peke yangu nikabonyeza namba kwenye mita. Stima ikarudi na redio ikaanza kuimba. Nikaizima redio. Nilifanya hivyo kwa sababu nilijua polisi wanakuja, na kama wangekuta hakuna stima, wangejua Munyao hakuwa akichomelea, na wangeuliza cheche ilitoka wapi. Ujumbe wa tokeni bado uko kwenye simu yangu na saa imeandikwa. Nimempa afisa simu hiyo.

Polisi walifika saa saba na nusu. Walijaribu mashine ya Munyao, ikawaka. Munyao alikuwa amerudi, mikono imefungwa bendeji nyeupe mpaka kwenye vifundo. Akawaambia, "Stima haikuwa. Tokeni iliisha saa tano. Muulizeni fundi, mita iko kwake."

Wakaniuliza. Nilisema, "Mimi nilikuwa nimeinama kazini, sikuangalia mambo ya stima. Niliona tu cheche zikiruka kutoka upande wake."

Munyao alinitazama. Akasema, "Fundi." Mimi nikatazama pikipiki. Walipompandisha gari ilibidi askari amshike kiunoni, kwa sababu hakuweza kujishikilia.

Mnamo Ijumaa tarehe 14 sikufungua kazi. Nilienda msikitini, lakini nilipomaliza kuswali sikukaa kusalimiana na watu. Saa tisa alasiri nilikuwa Thika hospitalini, wakati wa kuona wagonjwa. Nilimkuta binti yake Mzee, anaitwa Ciku. Aliinuka akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema, "Asante kwa kuja, fundi. Yule mtu wa welding hata jamaa yake mmoja hajakuja kutuomba msamaha." Nilimwambia pole. Sikujua niutoe mkono wangu vipi.

Mzee alikuwa amefungwa kifua chote na shingo. Macho yalikuwa wazi. Ciku aliniambia nisimwongeleshe sana kwa sababu ya dawa. Lakini Mzee mwenyewe ndiye aliyetaka kuongea. Alisema polepole, "Fundi, unisamehe. Nilikanyaga kiki vibaya. Niliikanyaga kwa nguvu sana, nikakuchomea kazi yako."

Nilimwambia, "Hapana, Mzee."

Akasema, "Ni mimi. Karanja pia alikuwa akinigombeza, ati nakanyaga kama ng'ombe. Na yule kijana aliyenivua jaketi, aliumia?"

Nikamwambia aliumia mikono kidogo. Akasema, "Umwambie nitamletea maziwa nikitoka." Ciku alimtazama, kisha akanitazama mimi, kwa sababu alikuwa anasikia kwa mara ya kwanza kwamba kuna mtu alimvua baba yake jaketi. Aliuliza, "Ni nani huyo, baba?" Mzee alikuwa ameshafumba macho. Mimi nilisema nimechelewa gari, nikatoka. Nimemwambia afisa kwamba nilitoka karibu nikikimbia, na hiyo pia ni aibu yangu.

Leo asubuhi mke wangu, Hayat, alipika chapati na ndengu akafunga kwenye hotpoti. Akaniambia, "Mpelekee Munyao. Hata kama ni yeye aliyechoma, si lazima ale? Na umwambie askari amsaidie kumega, na mikono yake ile." Niliichukua. Nilifika kaunta saa nne kasorobo. Afisa aliyekuwa kaunta aliniuliza, "Wewe ni nani yake?" Nilisema jirani. Halafu nikasema, "Ni mimi niliyemweka humo ndani." Hapo ndipo nilipoletwa chumba hiki.

Koplo Waceke ameniuliza maswali matatu, naomba majibu yaandikwe.

Kwanza, kama kuna mtu amenitisha au kunilipa ili nibadilishe maelezo. Hakuna. Jamaa za Munyao wako Machakos, na sidhani wamejua.

Pili, kama mimi na Munyao tulikuwa na ugomvi. Hatukuwa na ugomvi. Kelele zake zilikuwa zikinichosha, na moshi wa mapikipiki ulikuwa ukimchosha yeye, lakini hayo ni mambo ya majirani. Mwaka jana nilipougua alifungua kibanda changu kila asubuhi ili wateja wasidhani nimehama. Ninaona haya kulisema hilo jambo hapa, lakini ameniuliza.

Tatu, ameniuliza hivi: tulikuwa wawili chini ya jaketi, na mimi ndiye niliyekuwa karibu zaidi na tundu la plagi. Inakuwaje Mzee yuko hospitali na mimi nimeungua nyusi tu.

Swali hili nililiogopa tangu Alhamisi. Katika maelezo ya kwanza hakuna aliyeniuliza, na leo nilikuwa nimelipita nikitumaini halitaonekana. Nitalijibu.

Kiki ya pili ilipopigwa, nilihisi ubaridi usoni, kama mtu amenipulizia maji. Ilikuwa petroli. Ya tatu nilisikia harufu yake wazi, na nikaona tone limetulia kwenye chuma karibu na plagi. Mzee hana kazi ya ufundi, kwake pikipiki zote zinanuka petroli, hangeweza kujua. Mimi nilijua. Kilichobaki ilikuwa kusema "ngoja," nichomoe kitambaa mfukoni, nizibe tundu. Lakini Mzee alikuwa amesema, "Mbona sioni kitu, fundi?" na mimi nikasikia ni Karanja anayenicheka. Nilijiambia haitashika, nimefanya hivi mara mia. Kama ningekuwa naamini hivyo, ningebaki nilipokuwa.

Nilitoa kichwa changu nje ya jaketi. Halafu nikamwambia Mzee apige tena.

Nimesomewa haya yote kwa Kiswahili na nimeyaelewa. Ni maneno yangu, hakuna aliyeniwekea mdomoni, na sina la kupunguza.

Sahihi: S. Uthman

MAANDISHI YA AFISA

Maelezo haya yameandikwa na mimi, Koplo Idah Waceke, na kumalizika saa sita na dakika tano mchana. Kabla ya jibu la swali la tatu nilimsimamisha mtoa maelezo, nikamweleza kwamba halazimiki kujibu, na kwamba akijibu sitaweza kuendelea kumchukulia kama shahidi. Alisema, "Andika tu, madam." Baada ya kutia sahihi amesomewa haki zake na kuelezwa kwamba sasa ni mshukiwa. Simu yake imehifadhiwa kama kielelezo. Mkuu wa kituo amearifiwa, na Munyao ametolewa seli saa sita na dakika arobaini.

Mtoa maelezo aliomba aingizwe ndani baada ya Munyao kuondoka, wasipishane mlangoni. Ombi hilo halikuwezekana, kwa kuwa mlango ni mmoja.

Koplo I. Waceke